Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Elimu: mrejesheeni binti yangu somo la Historia

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti yetu,

KUH: KUONDOLEWA KWA SOMO LA HISTORIA NA URAIA KATIKA SHULE ANAYOSOMA BINTI YANGU

Bwana Mkurugenzi,

Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya. Hii ni ya nne. Tatu za mwanzo nilizileta ofisini kwako kwa mkono wangu mwenyewe, zikapokelewa na karani wako, kijana mwenye adabu sana, akazigonga muhuri na kunirudishia nakala, na nakala hizo ninazo hadi leo ndani ya bahasha moja na risiti za karo. Muhuri wa kupokea barua unafanya kazi vizuri katika ofisi yako. Wa kujibu ndio sijabahatika kuuona. Kwa hiyo hii ya nne nimeona niiandike hadharani, huenda katika watakaoisoma akapatikana mmoja wa kukusimulia yaliyomo.

Jumatatu iliyopita binti yangu, ambaye yuko Gredi ya 10 katika shule ya kutwa isiyozidi mwendo wa dakika kumi kwa pikipiki kutoka ofisini kwako, alirudi nyumbani na karatasi iliyokunjwa mara nne. Karatasi hiyo ilieleza kwamba wanafunzi kumi na mmoja waliosalia katika darasa la Historia na Uraia watahamishiwa Kilimo au Biolojia kuanzia wiki inayofuata, kwa kuwa idadi yao haitoshi kuendeshea darasa, na kwamba mzazi anaombwa kutia sahihi hapo chini kuonyesha ameridhia. Palikuwa na mstari mmoja wa sahihi. Niliigeuza nyuma nikitafuta pa kuandika kwamba sijaridhia, nikakuta upande mweupe mtupu. Sikuitia sahihi. Siku ya pili yake binti yangu alitolewa mbele ya wenzake akaulizwa kama mama yake anajua kusoma.

Ninajua kusoma, Bwana Mkurugenzi. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne chini ya mfumo wa zamani wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu), na katika cheti changu ambacho hakina mengi ya kujivunia, alama pekee inayonifanya nisikifiche ni ile ya Historia na Serikali, karatasi namba 311. Sikufika chuo, ni fundi cherehani, na sehemu kubwa ya ninachokula mimi na wanangu hutokana na sare za wanafunzi, zikiwemo sketi za shule hiyo hiyo. Naitaja kazi yangu ili ujue kwamba Januari mwaka huu, wiki waliyoripoti wanafunzi wa kwanza kabisa wa Gredi ya 10 nchini, nilishona usiku na mchana, nikawa nasikia wazazi na watoto wao wakitajiana masomo waliyochagua huku nikiwapima viuno, na nikaamini kama walivyoamini wao.

Tuliamini kwa sababu tuliambiwa tuamini. Mwaka jana wewe mwenyewe ulitukusanya wazazi wa Gredi ya 9 katika ukumbi, ukasimama mbele yetu kwa zaidi ya saa nzima ukitufafanulia mikondo mitatu ya sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi ya 12: wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, wa Sayansi ya Jamii, na wa Sanaa na Michezo. Ulitueleza kwamba kila mwanafunzi atasoma masomo ya lazima, yaani Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati na Huduma kwa Jamii, kisha achague matatu yaliyo yake kulingana na kipawa na ndoto zake. Mzazi mmoja nyuma yangu aliuliza itakuwaje mtoto akipelekwa shule isiyo na mwalimu wa somo alilochagua. Ukajibu kwamba hakuna shule itakayoruhusiwa kutangaza somo ambalo haina uwezo wa kulifundisha. Watu walipiga makofi, na mikono yangu ilikuwemo.

Binti yangu akachagua Historia na Uraia, Jiografia, na Masomo ya Biashara. Shule kumi na mbili alizotakiwa kujaza alizijaza kwenye simu ya mwalimu wake, na akapangiwa hii, ambayo kwenye orodha ilionyeshwa kuwa masomo hayo matatu yote inayo. Ubao mpya uliochorwa langoni unasema hivyo pia, kwa rangi ya buluu nzuri sana.

Darasa hilo lilianza na wanafunzi thelathini na wanne. Mwalimu wa Historia, ambaye wanafunzi walimpenda, alihamishwa kabla mwezi wa pili haujaisha. Akaja mwanafunzi wa chuo kikuu kwa mazoezi ya kufundisha, akajitahidi kadiri ya uwezo wake, muda wake ukaisha akaondoka. Tangu hapo kipindi cha Historia kimekuwa cha watoto kukaa kimya, au kufagia, au kunakili kurasa za kitabu ambacho wako nacho nakala sita. Mwanafunzi mmoja mmoja akaanza kuhama, na nani angewalaumu, kwa maana Gredi ya 12 kuna mtihani na mtihani hauulizi ulikosa nini. Wakabaki kumi na mmoja. Sasa tunaambiwa wamekuwa wachache mno. Ni sawa na mtu kuzima jiko, kisha akalalamika kwamba wali haukuiva na hivyo hauna haja ya kupakuliwa.

Nimejaribu kutafuta sababu kwa kuwa hakuna aliyenieleza. Mwalimu mkuu anasema walimu hawaajiriwi na yeye. Kwenye ofisi ya tume inayoajiri walimu nikaambiwa mahitaji ya shule hupelekwa na ofisi yako. Kwako, karani akasema umetoka kwenda mkutanoni. Basi naomba uniwie radhi ikiwa nitakisia. Serikali ilitangaza wazi kwamba inatarajia asilimia 60 ya wanafunzi wafuate mkondo wa sayansi, asilimia 25 Sayansi ya Jamii, na asilimia 15 Sanaa na Michezo. Mimi nashuku kwamba huku chini hesabu hiyo imegeuka kuwa agizo, kwamba mkuu wa shule anayeonyesha idadi kubwa ya watoto wa sayansi anaonekana hodari, na kwamba watoto wangu kumi na mmoja (nimeshaanza kuwaita wangu wote) ni wa kujazia pengo katika fomu fulani. Huenda nimekosea. Lakini hata kwa hesabu hiyo hiyo ya Serikali, robo ya watoto ni wa Sayansi ya Jamii, na robo ya watoto wa nchi hii si watu wachache.

Tena hiyo sayansi wanayosukumwa kuiendea ningeiheshimu zaidi kama maabara ingekuwa na maji. Mabomba yapo, yanang'aa, ila binti yangu ananiambia kwamba ndoo huchotwa kwenye tangi la jikoni. Sina ugomvi na Biolojia. Kaka yake aliisoma akaipenda. Ninachokataa ni mtoto kuondolewa alipokuwa na hamu bila mwalimu, akapelekwa asikokuwa na hamu wala maji.

Ulisema pia, siku ile ukumbini, kwamba somo la Huduma kwa Jamii ni la wote na litawafundisha uraia hata wale wasiosoma Historia. Nimelitazama linavyofanyika. Mwezi uliopita darasa zima lilikwenda kufagia soko, jambo jema, na picha zilipigwa. Jioni nilimuuliza binti yangu na wenzake wawili waliokuja kuchukua sketi zao ni nani anayekusanya ushuru wa soko hilo na fedha huenda wapi, kama ni kwa Serikali ya kitaifa au ya kaunti. Mmoja alisema kwa mwenye soko. Wamelifagia soko vizuri kabisa, Bwana Mkurugenzi, na hawajui kwamba ushuru wake ni wa serikali yao ya kaunti.

Sasa nikueleze kwa nini binti yangu alichagua Historia, maana ulituambia chaguo liwe la mtoto, na hili ni lake hasa. Miaka mitatu iliyopita tuliletewa ilani kwamba kiwanja tunachokaa, ambacho babu yake mume wangu alizikwa ndani yake, ni mali ya mtu ambaye hatujawahi kumwona. Kwa wewe uliyefanya kazi pwani hii, hilo si jambo geni. Mtoto alikuwa darasa la chini wakati huo, akauliza swali ambalo sisi wakubwa tumelizoea hadi hatuliulizi tena: imekuwaje watu wakae mahali vizazi vitatu na pasiwe pao? Nilimjibu kwa kile nilichokumbuka cha 311. Nilimweleza habari za ukanda wa pwani wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar na Waingereza wakausimamia kuanzia 1895. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyomtaka kila mwenye kudai ardhi ukandani aje aandikishe dai lake, na ardhi isiyoandikishwa ikahesabiwa kuwa ya Taji, yaani ya utawala wa Uingereza. Na makubaliano ya Oktoba 1963 yaliyouingiza ukanda huo katika Kenya huku hati za zamani zikibaki kuheshimiwa. Nilimweleza vibaya, kwa kurukaruka, sindano ikiwa mdomoni. Lakini tangu usiku ule mtoto huyo alianza kuweka daftari.

Katika daftari hilo ameandika habari za Mekatilili wa Menza, aliyewaapiza Wagiriama mwaka 1913 wasiwape Waingereza vijana wao wala nguvu kazi yao, akakamatwa akapelekwa mbali hadi Kisii, akatoroka mwaka uliofuata akarudi kwao. Ameandika habari za Gede, mji wa mawe uliohamwa, ambao alipelekwa kuuzuru alipokuwa shule ya msingi akarudi na maswali kuliko picha. Ukurasa wa mwisho ameandika swali, nami nalinakili jinsi lilivyo: «Kama hati ilitolewa mwaka ambao watu wetu hawakuwa wanajua kusoma, je, ilitangazwa kwa lugha gani?» Mimi sina jibu. Nilitumaini Gredi ya 10 ingempa mtu mwenye jibu, au angalau mwenye kitabu. Badala yake amepewa Kilimo, na angelima wapi?

Nimeacha kidogo njia, naomba radhi. Nirudi kwenye shule.

Nataka pia nikukumbushe jambo moja la karibuni, kwa kuwa kumbukumbu za ofisi huwa fupi. Mwaka 2025, ilipojulikana kwamba Hisabati haitakuwa somo la lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari pevu, watu walipiga kelele, na haukupita muda mrefu Wizara ikabadili msimamo, ikaweka Hisabati ya aina mbili ili kila mtoto apate inayomfaa. Kwa hiyo yanabadilika haya mambo. Hayakuandikwa kwenye jiwe. Hisabati ilipata watetezi wenye suti na vipaza sauti. Historia katika shule yetu imepata fundi cherehani mmoja na watoto kumi na mmoja, wawili kati yao wakiwa tayari wamekata tamaa na kuomba fomu ya Kilimo.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimekusudia kukuomba mambo mengi: mwalimu wa kudumu, vitabu vya kutosha, karatasi ile iondolewe, binti yangu aombwe radhi kwa swali aliloulizwa kuhusu mama yake, na ubao wa langoni ama ufutwe ama utimizwe. Bado nayataka yote. Lakini nimeshajifunza kwamba ukiomba matano hupewi hata moja, kwa hiyo nayaweka manne pembeni.

Naomba mwalimu mmoja wa Historia na Uraia. Mmoja tu, hata akiwa wa kushirikiana na shule jirani, hata akija siku mbili kwa wiki, muradi aje, na watoto hawa kumi na mmoja waachwe katika somo walilolichagua kwa ruhusa yako na kwa maelezo yako.

Na ikiwa hilo haliwezekani, basi niandikie kwamba haliwezekani, na kwa nini. Ibara ya 47 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba mtu ambaye haki yake imeathiriwa, au inaelekea kuathiriwa, na hatua ya kiutawala ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Ibara hiyo sikuisoma shuleni, kwa sababu Katiba hii ilikuja mimi nimeshamaliza. Nilionyeshwa na binti yangu, katika kitabu cha Historia na Uraia anachoshirikiana na wenzake, kabla hakijakusanywa Ijumaa.

Nitafika ofisini kwako Alhamisi saa mbili asubuhi, nikae kwenye benchi lile lililo karibu na mlango wa karani. Nitakuja na nakala za barua zote nne, na ile karatasi isiyo na sahihi. Kazi yangu ya mkono nitaibeba, kwa hiyo usijali kwamba nitachoka kusubiri.

Wako mtiifu,

Mama mzazi wa mwanafunzi wa Gredi ya 10