Rukia, usiyaamini majina ya vyakula India

Tanga, 14 Novemba

Shoga yangu Rukia,

Assalam alaykum. Umeniuliza ule nini huko India, nami naanza na onyo: usiyaamini majina unayoyajua. Biriani, kachori, chapati, vyote vilitoka huko, lakini vilipofika kwetu vikageuka. Ukiagiza kwa jina tu, utaletewa kitu kingine.

Kachori yetu, kile kiazi cha kuponda kilichochovywa kwenye unga na kukaangwa, ndugu yake Mumbai ni batata vada. Uile kama vada pav, yaani ndani ya mkate mdogo uliotiwa chatne kavu ya kitunguu saumu. Jaipur ukiomba kachori unapewa kitu cha unga wa ngano, kikavu, chenye kitunguu kilichokolea viungo ndani. Na chapati ya kule ni nyembamba, haikaangwi kwa mafuta. Ukiitamani yetu ya kuchambuka, omba parotta ukifika Kerala.

Hyderabad ndiko nataka utulie. Biriani yetu wali mbali, masala mbali, vinakutana kwenye sahani. Yao hupikwa pamoja, na ile wanayoiita kacchi nyama huingia sufuriani mbichi, imelala kwenye mtindi, tangawizi, kitunguu saumu na papai bichi la kuilainisha. Juu yake humwagwa mchele wa basmati uliochemshwa nusu tu: punje ukiibana kwa vidole inakatika, lakini katikati bado ina kiini kigumu. Kisha mfuniko huzibwa kwa unga uliokandwa ili mvuke usitoke, moto mkali kidogo, halafu mdogo. Hapo ndipo penye mtihani. Mchele ukizidi kuiva mwanzoni, unakuwa bokoboko kabla nyama haijaiva. Nyama isipolainishwa vya kutosha, wali unakuwa tayari nayo bado inavuta. Mpakuaji hodari hachoti juu juu. Anazamisha upawa pembeni mpaka chini, sahani ikapata wali mweupe, wa zafarani na nyama kwa mpigo mmoja. Ukiletewa wali wa rangi moja tupu, mwombe akuchotee chini. Menyu ikiandika mutton, kwa kawaida ni mbuzi. Kando utawekewa mtindi na mchuzi wa pilipili kubwa wenye karanga, ufuta na ukwaju. Usiuache, ndio unaokata mafuta.

Chennai, kula dosa asubuhi, ile chapati nyembamba kavu ya uji wa mchele. Kwa kawaida ni vikombe 3 au 4 vya mchele kwa 1 cha choroko nyeusi na punje chache za uwatu. Huloweka, husaga, na kuacha uji uumuke usiku kucha. Usipoumuka, dosa hutoka ngumu, haina ule uchachu mzuri. Mtazame mpishi: kabla ya kumimina ananyunyiza maji kwenye chuma. Chuma kikiwa cha moto mno uji hushika palepale na hautandazwi ukawa mwembamba. Kula ikiwa bado inalia kwa ukavu, maana mvuke ukiilainisha utamu umekwisha. Chatne ya nazi iwe ya asubuhi hiyohiyo, nazi mbichi huchacha haraka kwenye joto.

Kochi utakuta appam, na hapo utajihisi nyumbani: mchele na nazi vilivyoumuliwa kama vibibi vyetu, ila appam haina utamu wa kitafunio. Kingo zake ni kavu kama lesi, katikati nene na laini, nayo huliwa na mchuzi mweupe wa nazi wa kuku au viazi.

Ukipata nafasi ya Surat mwezi wa Januari, omba undhiyu. Ni mchanganyiko wa fiwi mbichi, viazi vikuu vya zambarau, biringanya ndogo na vidonge vya majani ya uwatu. Jina lenyewe linatokana na kupindua, kwa kuwa chungu kilifukiwa kichwa chini, moto ukawashwa juu. Baridi ikiisha mboga hizo zinaadimika, usihangaike.

Pani puri, vile vibumba vyembamba vya unga vilivyokaangwa na kujazwa maji ya viungo, nayo ni tamu, lakini kinachokuumiza ni maji yake. Kula pale tu muuzaji anapotumia maji ya chupa ukimwona. Cha moto kilichotoka jikoni mbele yako kina salama zaidi kuliko kilichopangwa kabatini, hata duka likiwa zuri namna gani.

Msalimie mama. Niandikie ukifika Hyderabad, nataka kujua kama ulimwambia achote chini.

Shoga yako,
Mwanahamisi