Barua kwa mwanangu: usikubali kukatiwa cheni

Mwanangu, mama yangu,

Ile voisi uliyotuma jana nimeisikiliza na spika nikaisogeza sikioni kabisa. Huo mlio wa kra kra unaousikia ukipandisha kamlima umebeba mzigo sio injini, usihangaike na mambo ya pistoni, hiyo ni cheni inaruka meno. Na umeniambia kuna fundi hapo kijiweni kasema atakukatia pingili, cheni itakaza, uendelee na safari zako za vijijini. Mama, usikubali. Hata kama ni bure usikubali. Mengine yote ntakayoandika humu unaweza kusoma taratibu ila hilo lishike leo.

Sababu ni hii. Cheni kila pingili ina pini imepita ndani ya bushi, yani kale kabomba kadogo ka chuma, sasa vumbi la huko Kongwa likichanganyika na oili linakua msasa, pini inalika, bushi inalika, kila pingili inaongezeka kidogo sana ambako kwa macho huoni, lakini zikijumlishwa zote ndo unaona cheni imelegea inagonga kava. Kwa hiyo fundi akitoa pingili anapunguza urefu tu, zile zilizobaki bado zimelika vilevile, hazikai tena kwenye meno ya sproketi, yale magurudumu yenye meno yanayobeba cheni, zinapanda juu yake. Pikipiki yako inatumia cheni ya 428, na 428 yoyote ikiwa mpya kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, yani milimita 12.7. Chukua rula ya shule, ivute cheni upande wa chini ikaze, hesabu pini 21, pima kutoka katikati ya pini ya kwanza mpaka katikati ya ile ya 21. Mpya inasoma 254. Ikifika 259 hiyo imekwisha, hakuna wa kukudanganya hapo, awe fundi au nani. Afu angalia meno ya sproketi, yakiwa yamelala upande mmoja yamechongoka kama kucha za kuku, nayo ndo bas.

Na ndo maana nakwambia nunua seti nzima, cheni na sproketi ya mbele na ya nyuma. Najua utasema baba hela. Cheni mpya ukiiweka kwenye meno yaliyolika inaharibika upesi, na sproketi mpya kwenye cheni chakavu ni hivyo hivyo, unajikuta umenunua mara mbili. Lakini mi hela sio inayonikosesha usingizi. Cheni ikichomoka ukiwa kwenye mwendo inaweza kujizonga pale kwenye sproketi ya mbele ikapasua kava la injini, au ikabana tairi la nyuma lisizunguke kabisa, na wewe njia zako ni za mchanga na makorongo na mara nyingi uko peke yako. Hapo ndo moyo wangu ulipo.

Dukani nenda na ile cheni ya zamani au andika namba iliyogongwa pembeni ya pingili. Ukiona H mwishoni, 428H, maana yake bati zake ni nene zaidi, kwa kazi yako chukua hiyo. Hesabu meno ya sproketi zote mbili kabla hujaondoka nyumbani, na pingili za cheni pia hesabu, ile ya loki inayounganisha ncha mbili ikiwemo. Wauzaji watakwambia weka ya mbele yenye jino moja zaidi itakimbia. Ni kweli itakimbia, ila piga hesabu: nyuma 42 ukigawa kwa mbele 14 ni 3 kamili, mbele ukiweka 15 inashuka mpaka 2.8, nguvu ya kupanda inapungua na wewe unabeba mbegu na mabomba ya dawa, unakimbilia wapi mama? Idadi ya meno ibaki ileile iliyotoka nayo kiwandani.

Kazi yenyewe unaiweza. Umekua ukiniona nikiifanya na mkono wako ni mtulivu kuliko wa kaka zako. Fanyia pale kwenye sementi mbele ya nyumba, asubuhi, injini ikiwa baridi, stendi kubwa chini, ufunguo uko mfukoni sio kwenye swichi. Weka sinia la kutupia nati na boliti zisizame mchangani. Anza na sproketi ya mbele wakati cheni ya zamani bado ipo, hapa ndo wengi wanaposumbuka bure, wanatoa cheni kwanza afu sproketi inazunguka hawana pa kuishikia. Toa pedeli ya gia lakini piga picha na simu ilivyokaa, fungua kava la kushoto, utakuta boliti mbili ndogo za spana namba 10 zimeshika kibati kinachozuia sproketi isitoke. Mtu akukanyagie breki ya nyuma, wewe legeza. Kibati hicho kinazungushwa kidogo ndo kinatoka kwenye mifereji ya shafti, usikipige nyundo.

Afu ndo unatoa loki ya cheni na plaizi. Cheni ya zamani usiivute yote nje, unganisha mpya kwenye ncha yake uvute taratibu, itajipitisha yenyewe. Kwa muda huu lakini iache ikining'inia maana tairi inabidi litoke. Fungua nati ya breki kwenye ule waya mrefu, fungua mkono unaozuia haba, ile sehemu ya katikati ya gurudumu, isizunguke, toa ekseli, laza tairi chini. Spesa, vile vibomba vya pembeni ya ekseli, zina pande zake, zipange kwa mfuatano ulivyozitoa. Sproketi ya nyuma ina nati zake zimekunjiwa bati ili zisilegee, zikunjue kwa tindo, na ukifunga mpya kaza kwa msalaba, hii na ile inayotazamana nayo, afu kunja bati tena. Nati zikilegea huko ndani hutasikia mpaka imeshakula haba. Na ukiwa umefika hapo angalia raba zilizo ndani ya haba, zikiwa zimepondeka sproketi inacheza na cheni mpya itapata mishtuko kila ukiachia klachi. Raba ni bei ndogo, badilisha.

Sasa klipu ya loki, kale kabati kanakoishikilia. Ina upande uliofungika na upande wenye mdomo wazi. Uliofungika ndo unatazama cheni inakokwenda, yani ukiifunga upande wa juu utazame mbele ya pikipiki. Ikigeuzwa inaweza kukwanguliwa na kitu ikatoka njiani. Sikiliza ikae kwenye mifereji ya pini zote mbili, na usitumie klipu ya zamani hata kama inaonekana nzima.

Kukaza usikaze kama waya wa nguo. Shika cheni chini katikati, panda nayo shuka nayo, icheze milimita 20 mpaka 30 hivi, na ukiwa na kile kitabu cha pikipiki kifuate chenyewe. Zungusha tairi upime sehemu tatu nne maana kuna mahali inabana zaidi, hapo ndo pa kupimia. Iliyokaza sana unaua beringi. Alama za pande zote mbili za ekseli zilingane, kaza ekseli, rudisha ile pini ya kufungia nati, na breki urekebishe upya kwa sababu tairi limehama, ijaribu ukiwa unasukuma kabla ya kupanda.

Kuna kitu kimoja nakuomba kama mzazi. Kupaka oili au kufuta cheni, fanya injini imezimwa, uzungushe tairi kwa mkono. Wapo wanaoweka gia wanashika kitambaa cheni inakimbia, nimeona vidole vya watu vikienda hivyo na havirudi. Safisha kwa mafuta ya taa na brashi, sio petroli, afu paka oili ya gia, ile namba 90, kila kilomita 500, na kipindi cha mvua mapema zaidi. Oili chafu iliyotoka kwenye injini usiweke, ina vumbi la chuma ndani. Cheni mpya inalegea kidogo siku za mwanzo kwa hiyo ipime tena mapema usisubiri igonge.

Mvua za huko zinaanza Desemba na matope yatakukuta na cheni hiyo, kwa hiyo fanya wikendi hii. Kwenye simu nimekutumia ya kuongezea kwenye seti, usinirudishie. Ukimaliza kufunga klipu nipigie picha ya karibu unitumie, niione kabla hujawasha.

Baba yako.