Kwaya ituachie na sisi tuimbe

Mhariri,

Naomba kanafasi niseme hili la kwaya. Sina ugomvi na wanakwaya, wanajitolea sana, na wakati wa komunyo wakiimba wenyewe sisi tukitafakari inapendeza kabisa, lakini jamani hata wimbo wa Mtakatifu kwenye misa? Ule ni wimbo wa watu wote pamoja na padri, sasa mwalimu wa kwaya analeta utunzi mpya kila mara, soprano wanaingia, besi wanajibu, Hosana inarudiwa weee mpaka padri anabaki anasubiri tu pale altareni, na sisi waumini tumesimama kimya kama tumekuja kuangalia shoo. Wakimaliza tunapiga makofi, haya.

Na hili sijalitunga mimi, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1963 ulisema kwaya zikuzwe ila waumini wote nao washiriki, na maelekezo ya Roma ya 1967 yakakataa kabisa kwaya kubeba nyimbo zote peke yake.

Mi naomba nyimbo za Utukufu, Mtakatifu na Mwanakondoo ziimbwe kwa zile tuni tunazozijua, wasianzie juu mno, manjonjo ya sauti nne wayapeleke huko kwenye sadaka.

Muumini wa benchi la nyuma