Besi wa Naivasha havuliwi kwa kalenda ya Marekani

Mhariri,

Maelekezo mengi ya kuvua besi, samaki wa asili ya Marekani, kwa chambo bandia kiitwacho spinabeti yameandikwa kwa ajili ya maziwa ya Marekani, na yakichapishwa huku jinsi yalivyo yanampotosha mvuvi wa Ziwa Naivasha. Kule majira hufuata joto la maji: besi hutaga maji yakifika nyuzi 16 hadi 20 za Selsiasi, na baridi ikikaza huzama chini na kuzubaa. Naivasha iko karibu na ikweta, mita 1,890 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto la maji yake halipandi wala kushuka kiasi hicho. Kinachobadilika ni rangi ya maji, kina na upepo. Tunaomba wanaoandika kuhusu uvuvi wa burudani waanzie hapo.

Spinabeti ni waya uliokunjwa: mkono wa chini una kichwa cha risasi, ndoana na sketi ya nyuzi za mpira, wa juu una bapa moja au mawili yanayozunguka. Bapa la mviringo, liitwalo Colorado, hutikisa maji kwa nguvu. Bapa jembamba lenye umbo la jani hutikisa kidogo lakini humetameta sana.

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mito ya Malewa na Gilgil huleta tope upande wa kaskazini. Teremsha chambo kando ya mashua. Kikipotea machoni kabla ya sentimita 30, funga Colorado moja kubwa, kichwa cha gramu 14, sketi nyeusi au ya rangi ya ndimu, na uvute polepole kiasi cha kuhisi bapa likipiga mkononi. Bapa likinyamaza, unavuta polepole mno au swiveli, kiungo kinacholiwezesha bapa kuzunguka, imeshika kutu. Ijaribu kwa kuipuliza. Isipozunguka kwa pumzi, ibadilishe.

Desemba hadi Februari maji hutulia na kusafika, ingawa si kila mahali, kwa kuwa samaki aina ya kapi walioingia ziwani mwanzoni mwa miaka ya 2000 huchimbua tope kwenye kina kifupi. Hapo mabapa mawili ya jani, gramu 10, sketi nyeupe, vuta haraka chini kidogo ya uso wa maji. Asubuhi shwari besi hukiona chambo vizuri mno na hugeuka. Upepo ukianza kukunja maji ndipo hushambulia bila kusita, lakini upepo wa mchana wa Naivasha huinua mawimbi ghafla, kwa hiyo mashua ndogo isingoje mpaka yawe meupe.

Tangu ziwa lilipojaa na kumeza ufuo, migunga iliyokauka na nguzo za ua zimebaki majini, na hapo ndipo spinabeti inapozishinda chambo nyingine, kwa kuwa mkono wa juu huikinga ndoana. Rusha kupita mti kwa mita 2 au 3, vuta mpaka chambo kiguse shina, kisha legeza mshipi kizame kwa sekunde moja. Besi wengi hushika wakati huo wa kuzama. Sketi ya kahawia nyekundu hufaa hapa, maana kamba wa maji baridi walioletwa ziwani mwaka 1970 ni chakula chao kikubwa. Tumia mshipi unaohimili kilo 6 hadi 8, na ukikwaruzwa na gome kata nusu mita ufunge upya. Usitumie kibanio cha kuunganisha chambo na mshipi: kwenye waya wenye kona wazi hupanda mkono wa juu na chambo hupinduka.

Chambo kikilala ubavu, kitazame kwa mbele. Mkono wa juu lazima ulingane sawasawa na ndoana. Kila samaki huupinda, basi unyooshe kwa koleo kila baada ya kumtoa. Ukiwa umenyooka na bado kinalala, bapa ni kubwa kuliko kichwa. Samaki akigonga bila kunasa, punguza sketi ibaki sentimita 1 nyuma ya ndoana, au ongeza ndoana ya pili ikitazama juu kama ya kwanza.

Kingo za mafunjo alfajiri waachieni viboko. Besi wa kwenye migunga huendelea kushika hata saa tatu asubuhi.

Wavuvi wa burudani,
Naivasha