Vijana wale si Wasudani

Mhariri,

Umeandika habari ya vijana wa mpira wa kikapu hapa Nairobi ukawaita "Wasudani". Wawili kati yao ni majirani zangu, na kwao ni Sudan Kusini, nchi iliyojitenga tarehe 9 Julai 2011, baada ya karibu asilimia 99 ya wapiga kura kuamua hivyo. Baba zao walipigana zaidi ya miaka ishirini wasiitwe jina hilo.

Gazeti la kwingine ningelisamehe. Lakini mkataba uliomaliza vita hivyo ulitiwa saini hapa hapa, uwanja wa Nyayo, Januari 2005, baada ya Jenerali wetu Lazaro Sumbeiywo kuikalisha mezani serikali ya Khartoum na waasi wa kusini, Machakos na Naivasha. John Garang, kiongozi wa waasi hao, alitia saini, na Julai mwaka huohuo akafa katika ajali ya helikopta.

Tangu hapo ukurasa wako unaijua Juba, mji mkuu wao, kwa risasi tu: Rais Kiir na aliyekuwa makamu wake Machar kupigana Desemba 2013, mkataba wa 2015, mapigano tena Julai 2016, mkataba mwingine 2018, uchaguzi kuahirishwa. Ni kweli yote, sikatai. Na makanga wa njia yetu naye kila abiria mrefu ni "Mdinka", kabila moja tu la huko. Sasa baba ya vijana hao ni Mzande, kabila jingine, wa mji wa Yambio, mfupi kuniliko. Kwao hakufugwi ng'ombe kwa sababu ya mbung'o. Wanalima mihogo na karanga, na embe, akizisimulia, utadhani za Machakos si embe.

Tena sisi hujisifu kwa nyumbu wa Mara. Hesabu iliyofanywa kwa ndege mwaka 2023 ilikadiria wanyama karibu milioni 6 jamii ya swala wakihama huko Sudan Kusini, upande wa mbuga za Boma na Badingilo, mashariki ya Nile. Magharibi ya mbuga hizo kuna Sudd, bwawa la mafunjo lililowashinda wenye meli kwa karne nyingi. Jina ni la Kiarabu, maana yake kizuizi. Nchi hii tuko nayo Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016. Mwandishi wako mmoja akitumwa huko bila kufuata bunduki, atarudi na kurasa tele.

Kwa sasa naomba masahihisho ya neno moja tu. Mzee ameshaniuliza mara mbili kama yametoka, nikamwambia angoje Jumatatu.

Msomaji wako,
Umoja, Nairobi