Mama Salma, andikisheni ndoa halafu muandike wasia

Mama Salma shoga yangu,

Asalaam aleikum, habari za Northampton, watoto hawajambo? Sie huku Leicester wazima alhamdulillah, baridi tu ndo inatusumbua. Ile voisi yako nimeisikiliza nikaona hili si la kujibu kwa WhatsApp, acha nikuandikie ukae utulie usome pamoja na Baba Salma. Umeniuliza kodi ya mirathi hapa ni asilimia ngapi. Ntakwambia, ila shoga angu kodi siyo inayoninyima usingizi. Kinachonitia hofu ni kwamba nyie mlifunga nikah hapahapa Uingereza, hamkwenda kuandikisha serikalini, na nyumba iko kwa jina la Baba Salma peke yake.

Sheria ya hapa haikutambui kama mke wake. Najua inauma kusoma hivyo, mbele ya Mungu wewe ni mke wa mtu, mahari ulipokea, walii na mashahidi walikuwepo, watu walikula pilau wakaomba dua. Lakini nikah iliyofungwa hapa bila taratibu za serikali korti haiihesabu. Mngefunga Tanga kwa sheria za kule wangeitambua bila maneno. Kuna kesi ya Akhter na Khan, watu walifunga nikah mwaka 1998 kwenye mgahawa kule Southall, wakaishi miaka na miaka kama mke na mume, wakazaa watoto wanne, na mwaka 2020 Korti ya Rufaa ikasema ile haikuwa ndoa kisheria, hata ndoa batili haikuwa, yani kama haijafungwa kabisa.

Sasa tuseme Baba Salma, Mungu ampe umri, katangulia na hakuandika wasia. Mke wa kisheria mwenye watoto anachukua vitu vyote vya nyumbani, pauni 322,000 za mwanzo, na nusu ya kinachobaki. Wewe hupati hata senti. Kila kitu kinaenda kwa Salma na mdogo wake, na kwa kuwa bado wadogo kinawekwa kwenye trasti, yani wadhamini wanakishika kwa niaba yao, mpaka wafike miaka 18, we unabaki kukaa kwenye nyumba ya wanao. Ipo sheria ya mwaka 1975 inayomruhusu mtu aliyeishi na marehemu kama mke miaka miwili au zaidi aende kortini kuomba fungu, ila inabidi uwahi ndani ya miezi sita tangu korti itoe kibali cha kusimamia mirathi, na unachodai hapo ni mali ya watoto wako mwenyewe. Mama gani anataka kufika huko?

Halafu ndo kodi inaingia. Pauni 325,000 za mwanzo hazikatwi kitu, kiwango hicho hakijapanda tangu 2009, na nyumba ikienda kwa watoto inaongezeka pauni 175,000. Juu ya hapo asilimia 40. Mke wa kisheria anayeishi hapa kama wewe hatozwi chochote kwa anachoachiwa na mumewe, hata iwe milioni ngapi. Kwa hiyo hata akikuandikia wasia leo akakuachia vyote, tuseme nyumba na akiba vikifika pauni 600,000 baada ya kutoa deni la benki, kwa hali mliyonayo serikali inachukua pauni 110,000, kwa sababu lile ongezeko la nyumba ni la watoto na wewe siyo mtoto wake. Mkiwa na cheti cha ndoa cha serikali, sifuri. Na kile kiwango chake ambacho hakikutumika kinakusubiri wewe, siku yako ikifika watoto wanaweza kupata mpaka pauni milioni moja bila kodi. Karatasi tu shoga! Mnaenda ofisi ya usajili kutoa notisi, mnasubiri angalau siku 28, mnafunga. Haifuti nikah yenu wala haiigusi.

Ila zingatieni mpangilio. Ndoa ya kisheria hapa inafuta wasia uliokuwepo kabla, kwa hiyo ama muandikishe kwanza ndo muandike, ama wasia wenyewe uwe umetaja kwamba unaandikwa kwa kutarajia ndoa hiyo kati yenu wawili.

Wasia wenyewe masharti yake ni ya sheria ya mwaka 1837, na bado wanaishikilia barabara. Uwe kwa maandishi, anasaini mbele ya mashahidi wawili waliopo pamoja kwa wakati mmoja, na wao wanasaini mbele yake. Shahidi asiwe mtu anayeachiwa kitu, wala mume au mke wa anayeachiwa, maana atapoteza alichoandikiwa. Shemeji yako mwacheni, chukueni majirani.

Kuhusu mafungu ya dini, Baba Salma asiwe na wasiwasi. Sheria ya hapa inamuachia mtu uhuru mkubwa wa kugawa mali yake, anaweza kuandika thumni yako, yani moja ya nane, na mafungu ya watoto kama ilivyo kwenye Qurani, na ile thuluthi dini inayomruhusu kuusia akaielekeza anapotaka. Ila asipoandika hawatamuuliza dini yake. Humohumo amtaje mtu wa kuwalea watoto ikitokea nyote wawili hampo, na wadhamini wa kushika mali yao. Mimi ningeongeza umri wa kukabidhiwa ufike 21 au hata 25, kodi ya ziada hapo inaweza kuwepo lakini ni ndogo, kijana wa miaka 18 kukabidhiwa hela zote hizo mie naogopa.

Na yule mtu aliyewapigia simu kuwauzia trasti ya kukwepa kodi, tafadhali muacheni. Ukiwapa watoto nyumba na wewe unaendelea kuishi humo bila kulipa kodi ya pango ya bei ya soko, wanaihesabu bado ni yako, hata ipite miaka saba. Hela taslimu ni nyingine, mnaweza kutoa pauni 3,000 kila mmoja kwa mwaka bila hesabu yoyote, na zaidi ya hapo mkiishi miaka saba baada ya kutoa zinatoka kwenye hesabu.

Nyumba ya Tanga nayo msiisahau. Tangu Aprili 2025 mtu aliyeishi hapa miaka 10 kati ya 20 iliyopita anahesabiwa mali zake za dunia nzima, na nyie mshapita hapo. Lakini nani anairithi ile nyumba ni sheria ya Tanzania, kwa hiyo iandikieni wasia wake huko, na muwe makini, mawakili wengi wanaanza na "nafuta wasia zangu zote za nyuma", mstari huo ukiingia vibaya wa Tanga unaua wa Uingereza.

Jumamosi jioni ntapiga simu, mwambie Baba Salma awepo, nataka kuongea na nyote wawili. Mtafute ile hati ya nyumba na karatasi za pensheni yake, maana kuanzia Aprili 2027 pensheni nyingi nazo zinaingia kwenye kodi hii na lazima tujue kamuandika nani azipokee.

Nibusie Salma na mdogo wake.

Shoga yako,
Mama Yusra