Angalieni trei ya maji

Mhariri,

Wanaoanza kutumia mashine ndogo ya kutotoleshea vifaranga hapa Tabora hulaumu mayai, kumbe mara nyingi kosa ni maji. Kiangazi hewa yetu ni kavu mno. Trei ya maji ndani ya mashine ikikauka siku tatu za mwisho kabla ya kuanguliwa, utando wa ndani ya yai hukakamaa kama karatasi na kunata kwenye manyoya. Kifaranga aliyekwisha kutoboa ganda hufia humo humo, mdomo ukiwa nje. Inauma kuona.

Washeni mashine saa 24 kabla ya kupanga mayai, joto litulie kwenye nyuzi 37.5 kwa mashine yenye feni. Mayai yasizidi siku 7 tangu kutagwa, wala yasioshwe. Geuzeni mara tatu au tano kwa siku, ili upande unaolala juu usiku ubadilike, hadi siku ya 18. Kisha acheni kabisa. Unyevu uwe asilimia 50 hivi hadi siku hiyo ya 18, halafu uongezeke hadi 65 au 70, mkiongeza maji ya uvuguvugu kwenye trei. Na tafadhali, msifungue kifuniko mkisikia vifaranga wanalia: unyevu wote hutoka mara moja.

Umeme ukikatika, funikeni mashine kwa blanketi, mkiacha matundu ya hewa wazi.

Mfugaji wa kuku,
Tabora